Hesabu ya Vidonge

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi
Vilnis Plūme alivua glavu, akaziweka juu ya hita,
akanikabidhi chupa namba 0417
kama mpangaji anayerudisha ufunguo.

Kazi yangu ni kuhesabu.
Namwaga vidonge kwenye sahani ya bluu,
navisukuma viwili viwili kwa kijiti:
vinane vilitakiwa kubaki, vinane vimebaki.
Natia saini. Kisha maswali kumi na saba.
Usingizi? Hamu ya kula?
Wiki hii umewahi kuwaza kwamba ni heri usingekuwapo?
Kila jibu lina namba yake,
na sonona ya mtu mzima,
aliyeendesha tramu za Riga miaka thelathini na mmoja,
ikajumlishwa chini ya karatasi:
ishirini na sita.

Upofu wetu ulikuwa wa makubaliano.
Yeye hakujua anapewa dawa au unga mtupu,
mimi sikujua ninahesabu nini,
Daktari Ausma naye hakujua atumaini nini.
Iliyojua ni kompyuta moja, mbali huko,
nayo haijawahi kukosa usingizi.

Wiki ya kwanza alijibu kwa mabega.
Ya nne, alinisimulia mlio wa magurudumu
pale reli inapopinda karibu na soko,
na jinsi siku moja aliacha kuusikia,
tramu ikawa kabati lenye watu ndani.
Wiki ya saba alicheka, kama kikohozi.
Nikatafuta kwenye fomu pa kuandika kicheko.
Hapakuwapo.
Ishirini na sita ikawa kumi na tisa, ikawa kumi na moja,
theluji ikaanza kuoza kandokando ya barabara.

Wiki ya kumi alileta mtungi wa jemu ya plamu.
Ndani yake, vyeupe, vikavu, vimetulia:
vidonge sabini kasoro kimoja.
"Hicho kimoja nilimeza siku ya kwanza, kikanikwama.
Baada ya hapo nilikuwa nakuja kuulizwa tu.
Nyumbani hakuna anayetaka kujua nimelalaje."

Niliandika. Ukiukaji wa utaratibu,
herufi kubwa, wino mweusi.
Mkono haukutetemeka.
Ulitetemeka baadaye, kwenye sinki.

Juni, siri ikafunguliwa.
0417: dawa.
Dawa halisi, ile yenyewe,
wiki kumi ndani ya mtungi
ikitibu plamu zilizokwisha kuliwa.
Na hesabu za wakubwa zina kanuni,
nayo ina busara zake, sibishi:
mtu huhesabiwa alikopangwa, si alichomeza.
Basi Vilnis yumo kwenye jedwali,
safu ya waliopata nafuu,
nukta moja inayouinua mstari wa dawa
kwa upana wa unywele.

Usinielewe vibaya.
Bi Dzidra, mfuma soksi kutoka Jelgava,
alimeza vyake kila asubuhi,
na kufikia Pasaka alikuwa ameanza tena
kugombana na dada yake kwenye simu.
Vyake navyo vilikuwa vya kweli. Sina cha kuvitukania.
Na kijana Renārs alimeza unga, akazama,
tukamtoa mapema, tukamlaza wodini.
Hadi leo sikipangi kiti chake mbele ya mgonjwa mwingine.

Ila Alhamisi, saa tatu,
macho bado yananipeleka kwenye hita.
Nimempigia mara moja, kinyume cha utaratibu,
nikiwa sina fomu, sina kalamu.
Umelalaje?
Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia chuma
kikilia kwenye kona.
"Vizuri kiasi," akasema. "Na wewe je?"

Miaka kumi na minne nauliza.
Nikashika simu kwa mikono miwili
nikitafuta, kati ya sifuri na nne,
namba yangu.